Chatu mpira mpya hataki kula, na baridi ya Julai ndiyo hii. Nianze kurekebisha wapi?

Kasarani_Mwiki

Hamjambo wadau. Niko na chatu mpira (Python regius) dume, gramu 210, ana karatasi zake zote. Alikotoka alikuwa anakula panya weupe wa kugandishwa, mmoja kila wiki. Tangu afike kwangu hagusi chakula. Hali ya kwake ni hii:

- Tangi la kioo, sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Juu ni wavu mtupu.
- Mkeka wa joto wa wati 16 umebandikwa chini ya kioo. Hauna thamostati (kifaa cha kuzima na kuwasha ili joto libaki pale ulipoliweka), unawaka saa zote.
- Kipimajoto cha mshale kilichobandikwa kwa kioo kinasoma 25 mchana, na alfajiri kinashuka hadi 20.
- Pango moja katikati, bakuli la maji, na chini nimetandika vumbi la mbao la kwa fundi.
- Nampa vitoto vya panya visivyo na manyoya, vya gramu 2 hivi, kila baada ya siku mbili. Hata ulimi hatoi.
- Watoto humtoa jioni wamshike kidogo ili azoee watu.

Je, nimlazimishe kula? Ama nibadilishe chakula?

---

fundi_joto

Usimlazimishe. Kumsukumia nyoka chakula mdomoni ni kazi ya mwisho kabisa, na hufanywa na daktari. Chatu wa gramu 210 mwenye mwili mzuri anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike. Kinachomzuia si chakula, ni lile tangi. Nyoka hana joto lake mwenyewe: kwa nyuzi 20 tumbo lake halisagi kitu, na mwili unalijua hilo, kwa hiyo anakataa. Hata angekula leo ningekuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu panya angeozea tumboni kabla ya kusagwa na angemtapika.

Hivi ndivyo vipimo unavyotafuta: sehemu ya moto, pale anapolala, 31 hadi 33. Upande wa baridi 25 hadi 27. Usiku kusishuke chini ya 24 popote.

Huo mkeka hauwezi kukufikisha hapo. Mkeka hupasha kitu kinachougusa, haupashi hewa, na nyumba za Nairobi hazina hita. Mwezi wa saba nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12 usiku, na ule wavu wa juu unatoa joto lote kama bomba la moshi. Halafu kuna hatari nyingine: juu hewa ni baridi, lakini chini, kioo kilicho juu ya mkeka usio na thamostati kinaweza kuvuka nyuzi 45. Nyoka anayetafuta joto huchimba hadi kwenye kioo, analala hapo, na anaungua tumbo bila kuondoka. Uzime leo hadi upate thamostati.

Nunua hita ya kauri, ile inayofungwa kama balbu lakini haitoi mwanga, wati 100. Ifungwe kwenye kishikio cha kauri, si cha plastiki, kwa maana plastiki huyeyuka. Ikikaa ndani ya boksi lazima iwe na kizimba cha waya, kwa sababu atapanda na kujizungusha juu yake. Kwako itakaa juu ya wavu, upande mmoja wa tangi, si katikati. Sehemu ya wavu iliyobaki, robo tatu hivi, ifunike kwa ubao au karatasi ya foili. Kioo cha nyuma na cha pembeni kizibe kwa nje kwa lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Utashangaa tofauti yake.

Thamostati si lazima iwe ya duka la wanyama. Pale Luthuli Avenue wanauza za mashine za kutotolea vifaranga, kama STC-1000. Hiyo inawasha na kuzima tu, na kwa hita ya kauri au mkeka inatosha. Usiitumie na balbu ya mwanga, itakuwa inapepesa usiku kucha. Haiji na plagi wala boksi, kwa hiyo kama hujui nyaya mpe fundi wa stima. Weka 32, tofauti (kiasi joto lishuke kabla hita iwake tena) 0.5.

Mahali pa waya wa kihisi, ule unaoipimia thamostati joto, ndipo wengi huharibu. Uwekwe kwenye sehemu ya moto, kimo cha mgongo wa nyoka, ufungwe imara. Nyoka akiuvuta ukaenda upande wa baridi, thamostati itaona baridi na hita haitazima, utamkuta amepikika. Maji yakimwagikia kihisi ni mambo yale yale. Na zile thamostati za bei rahisi, swichi yake ya ndani huweza kuganda ikiwa imewashwa. Dawa yake ni kufunga ya pili kwenye waya huo huo, ukaiweka 36: ya kwanza ikifa, ya pili inakata.

Hicho kipimajoto cha mshale kitupe. Nunua viwili vya kidijitali vyenye waya, kimoja kila upande. Vipime kwanza kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji kidogo: visome 0. Usivipime kwa maji yanayochemka, kwa sababu kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na utadhani kipimajoto ni kibovu. Ukinunua kile cha umbo la bunduki kinachopima bila kugusa, hakikisha si cha kupimia watu homa wakati wa korona. Vingi vya hivyo havisomi vizuri nje ya joto la mwili.

---

Magamba_Pangani

Nakubaliana na fundi_joto kuhusu joto. Naongeza vitu vya ndani, kisha chakula.

Lile vumbi la mbao toa lote leo. Mbao nyingi za mafundi wetu ni paini na saipresi, mafuta yake ya kunukia huwasha mapafu ya nyoka, na nyingine zimepakwa dawa ya mchwa. Mtandikie makumbi ya nazi. Wauzaji wa vifaa vya grinihausi wana matofali ya makumbi yaliyoshindiliwa. La kilo 5 ukililoweka linatoa zaidi ya lita 60, kwa hiyo utabaki nayo ya kutosha. Yasuuze kwa maji safi mara mbili kwani huja na chumvi, yakamue hadi ukiminya ngumi yasitoe tone, tandaza kina cha sentimita 6 hadi 8. Unyevu unataka asilimia 55 hadi 70. Ukishuka, mwaga maji kwenye pembe yaingie chini. Usinyunyizie juu juu, kwani matandiko yaliyolowa juu humwozesha magamba ya tumbo. Kwa wiki hizi za kwanza ukitaka kuona kinyesi na utitiri kirahisi, tumia karatasi nyeupe za jikoni, makumbi yaje baadaye.

Pango moja katikati halisaidii. Linamlazimisha achague kati ya joto na usalama, naye huchagua usalama akakaa baridi. Weka mawili yanayofanana, moja kila upande. Yawe madogo kiasi kwamba akijikunja mgongo unagusa paa na kuta. Bakuli la plastiki jeusi lililopinduliwa na kukatwa mlango linatosha, si lazima gogo la kuuzwa. Sehemu iliyo wazi katikati ijaze matawi na majani ya plastiki. Chatu huyu anayeonekana saa zote ni chatu mwenye hofu. Akijificha siku nzima, hiyo ndiyo afya yake.

Sasa chakula. Kitoto cha gramu 2 kwa nyoka wa gramu 210 hakimshawishi hata kidogo. Chini ya gramu 500 mpe kitu cha asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake, kila siku 7 hadi 10. Kwake huyo ni panya mmoja mkubwa mweupe wa gramu 20 hadi 25, mnene kama sehemu nene ya mwili wake au kuzidi kidogo tu. Akifika gramu 500 mpe asilimia 7 au 8 kila wiki mbili, na akiwa mtu mzima asilimia 5 kila wiki tatu au nne. Mhamishie kwa panya buku weupe wa kufugwa mapema, wakiwa wachanga, maana dume mzima hufika kilo moja na zaidi, na hapo vipanya vidogo havimtoshi.

Utaratibu wa kwenda nao:

Tangi likishatulia kwenye vipimo vya fundi_joto kwa siku mbili nzima, hesabu siku saba nyingine. Katika siku hizo hakuna kumshika, hakuna watoto kugonga kioo, hakuna kumpa chakula. Badilisha maji tu. Ikibidi funika kioo cha mbele kwa leso.

Siku ya saba, panya alale sehemu ya chini ya friji tangu usiku wa jana yake. Jioni mtie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko uingie kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unavumilia, si ya kuchemka. Baada ya dakika 15 hadi 20 mbonyeze tumbo: ukihisi kigumu katikati, bado ana barafu. Maji yanayochemka hupika ngozi na tumbo hupasuka ukimshika. Maikrowevu ni marufuku kwa sababu hiyo hiyo. Mwisho kabisa kichwa cha panya kipashe hadi 38 au 40. Chatu huwinda kwa vishimo vya joto vilivyo kwenye midomo yake, kwa hiyo panya mwenye mwili vuguvugu na kichwa baridi ni kama hayupo. Mkaushe kwa tishu.

Zima taa ya chumba. Mshike panya kwa koleo refu, sentimita 30 angalau, kwenye ngozi ya shingo au mgongo, mpitishe taratibu mbele ya mlango wa pango, sentimita 10 kutoka kichwani. Usimsukumie puani. Akianza kutoa ulimi polepole na shingo kujikunja kama herufi S, simama hapo hapo, tikisa kidogo tu. Akimdaka panya, achia koleo na usisogee. Atambana, atatulia, kisha atatafuta kichwa; inaweza kuchukua nusu saa. Wengi huharibu hapa kwa kuwasha taa wapige picha.

Akikataa, mlaze panya mlangoni mwa pango, funika tangi, ondoka. Asubuhi ukimkuta bado yupo, tupa. Usimrudishe kwenye friza. Subiri siku 7 kabla ya kujaribu tena. Kumpa kila siku mbili kunamfundisha kwamba kila mara mlango ukifunguliwa ni usumbufu.

---

Githurai_Rida

Mbona mnajitesa na friza? Panya wa bure wamejaa mtaani. Mtege mmoja umtupie akiwa hai. Alafu huku kwetu kuna chatu ameonekana karibu na mto, mtu akimchukua mdogo si ni huyo huyo?

---

Magamba_Pangani

@Githurai_Rida panya wa mtaa huenda amekula sumu leo asubuhi na bado anakimbia. Sumu nyingi za panya huua baada ya siku kadhaa, na sumu iliyo mwilini mwake inaingia kwa nyoka. Hata asipokuwa na sumu, ana minyoo na utitiri. Na panya hai akiachwa ndani na nyoka asiye na njaa, anayeliwa ni nyoka: humtafuna mgongo hadi mfupa, naye chatu hajitetei, anajikunja tu.

Huyo wa mtoni si huyu. Chatu mpira kwao ni Afrika Magharibi na Kati, toka Senegal hadi Uganda, na akikua sana hufika mita moja na nusu. Chatu mkubwa wa Afrika aliye kwetu huvuka mita 4. Kumchukua porini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Wapigie KWS (shirika la serikali la wanyamapori) wamwondoe. Hata chatu mpira mwenyewe yuko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo bila vibali vya kumwingiza na ruhusa ya KWS usimguse, hata auzwe kwa bei ya kuku.

---

Dkt_Kabete_Road

Machache ya afya kwa mwenye swali.

Mpime uzito kila wiki, siku ile ile, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mtie kwenye bakuli lenye kifuniko, toa uzito wa bakuli. Namba ndiyo itakayokuambia kama kuna shida, si hofu yako. Kutoka 210 kushuka hadi 200 si kitu. Akifika 189, yaani asilimia 10 imepotea, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza kama paa la nyumba, mpeleke kwa daktari.

Usisubiri uzito kama unaona mapovu au ute mdomoni na puani, mdomo wazi, kichwa kuinuliwa juu muda mrefu, au sauti ya kukwaruza akipumua. Huo ni ugonjwa wa mapafu na chanzo chake kikubwa ni baridi kama hiyo ya kwako. Antibayotiki za binadamu za duka la dawa usimpe. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Piga simu kwanza uulize kama kuna anayetibu reptilia siku hiyo, maana si kila daktari wa ng'ombe na mbwa huwashika.

Tazama bakuli la maji kila asubuhi. Vidoadoa vyeusi vilivyozama, au nyoka anayeloa majini siku nzima, ni utitiri. Angalia pia ukingo wa macho na chini ya kidevu. Usimpulizie dawa ya mende wala ya kunguni. Na mwenye nyumba akileta watu wa kupuliza dawa kwenye ploti, nyoka ahame kabla, arudi harufu ikiisha kabisa na tangi limeoshwa.

Macho yakigeuka ya buluu na ngozi kufifia, anajiandaa kujivua gamba. Wengi hukataa chakula hapo, muache. Pandisha unyevu hadi 70 na kidogo. Gamba litoke zima kama soksi. Likitoka vipande, unyevu ulikuwa chini. Gamba la jicho lililobaki usilibandue kwa kucha.

Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimshika, kwa ajili ya salmonela, bakteria wa kuharisha. Walio chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la jikoni.

---

Kasarani_Mwiki

Asanteni sana. Hita ya kauri na thamostati mbili tayari, wavu nimefunika, mapango ni mawili. Sasa moto ni 32, baridi 26, alfajiri 24.5. Unyevu 58. Watoto nimewakataza kumshika. Yamebaki mawili. Stima huku hupotea sana, nifanyeje? Na panya wakikosekana, naweza kumpa vifaranga vya siku moja? Wanaototoa kuku wa mayai huuza majogoo kwa bei ya kutupa.

---

fundi_joto

Vipimo hivyo ni vizuri, usiguse kitu tena.

Stima: saa mbili tatu haina neno, povu litashika joto. Ikizidi, jaza chupa mbili za lita moja na nusu maji ya moto ya nyuzi 50 hivi, zifunge taulo, ziweke upande wa moto, ufunike tangi lote kwa blanketi ukiacha upenyo wa hewa. Badilisha zikipoa. Kwa saa kadhaa nyuzi 22 anavumilia. Jiko la makaa usiliingize chumbani, hewa yake ya sumu itaua nyoka na walio kitandani. Kama stima ilipotea asubuhi na hujui itarudi lini, usimlishe jioni hiyo. Na angalia tokeni: hita ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku inakula yuniti 1.2, kama 36 kwa mwezi. Tokeni zikiisha saa nane usiku hakuna atakayekuamsha.

---

Magamba_Pangani

Vifaranga vinaliwa, ila si mlo wa kila wiki. Kinyesi cha nyoka huwa laini na chenye harufu kali, na baya zaidi ni kwamba chatu huyu ana ubishi: akizoea ndege anaweza kukataa panya moja kwa moja, halafu wewe ndiwe utakayehangaika. Nunua panya wa kutosha miezi miwili kwa mkupuo, wagandishe kila mmoja kwenye mfuko wake, uandike uzito juu kwa kalamu.

Kifaranga kina kazi moja nzuri. Kama siku ya saba amekataa panya mwenye kichwa moto, wiki inayofuata msugue panya yule kwa manyoya ya kifaranga kabla ya kumpa. Asipokula, jaribu kutoboa fuvu la panya kwa sindano hadi ubongo utokeze kidogo, harufu yake huwaamsha wengi. Vitu hivi jaribu kimoja kila wiki, si vyote siku moja, la sivyo hutajua kilichofanya kazi.

Akishakula, saa 48 asishikwe. Akitapika, mwache siku 14 bila kitu ila maji, kagua joto upya, kisha anza na panya nusu ya ukubwa ule. Kumshika kuanze baada ya milo mitatu aliyokula bila ubishi: dakika 5 hadi 10, umwinue kutoka katikati ya mwili, si kwa kichwa wala mkia, na usiwe umetoka kushika panya.